Korongo na Shomoro wa Darasa la Kwanza

Dolno Bryastovo,
18 Machi

Mpendwa Dada Rumiana,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima, magoti tu yanalalamika kwa sababu siku hizi nafundishia sakafuni. Wewe na shemeji mnaendeleaje huko Vienna? Baridi imewaachia?

Darasa langu lina watoto tisa na kelele za tisini. Wiki hii nimewafundisha kulinganisha hadithi. Nilichukua sufu iliyobaki tuliposokota vile vikuku vyekundu na vyeupe tunavyovaa Machi kuyaaga majira ya baridi, nikatandaza duara jekundu la hadithi moja na jeupe la nyingine, yakapandana kidogo. Mtoto anaandika jambo kwenye karatasi na kuliweka panapostahili. Likiwahusu wahusika wote wawili, linakwenda katikati. Sharti ni moja: aonyeshe hadithi inasema hivyo wapi.

Hadithi ya kwanza ni ya kitabuni, ya korongo anayekwenda mbali kila majira ya baridi. Ya pili niliitunga mwenyewe: shomoro aliyebaki kijijini kwenye theluji, akimlisha mama yake mgonjwa hadi mwisho. Ili kuwaonyesha mfano, nikaweka karatasi yangu kwenye duara la korongo: hampendi mama yake.

Boyan, asiye na haya hata chembe, akauliza hilo limeandikwa wapi. Nikapekua kitabu mbele na nyuma, wapi! Akasema basi mwalimu kavunja sharti lake mwenyewe, na wenzake wakacheka mpaka wakagaagaa.

Kisha Yordanka, ambaye mama yake anachuma matunda Hispania, akaweka yake katikati: wanamkumbuka mama. Nikamwambia aonyeshe. Akagusa picha ya korongo akigeuka kutazama nyuma. Na shomoro je? Akanishangaa: si wewe mwalimu uliyesema anaimba kila asubuhi pale mama alipolala? Nikawatoa nje wakacheze, nikabaki nikiitazama karatasi yake.

Dada, umeshajua shomoro ni nani. Tangu mama afariki nimekuwekea kinyongo kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki naye. Na barua yangu ya Januari ilikuwa uongo mtupu. Nilikuandikia usije Pasaka kwa sababu paa linatengenezwa. Paa ni zima, hakuna fundi aliyekanyaga hapa. Sikutaka tu kukuona.

Sasa nataka. Nisamehe, uje tupake mayai ya Pasaka rangi na tumlilie mama pamoja. Kumlilia peke yangu nimechoka.

Msalimie sana shemeji.

Mdogo wako akupendaye,
Zlatina