Baba Yako Amelala Chali

Mwanangu Ragab,

Huku Minya hatujambo. Njiwa wametotoa, na dada yako bado anaunguza mikate. Baba yako amenikataza kukuandikia haya, kwa hiyo yaishie kwako.

Unajua wakata mawe wa huku hupumzika wamekaa, wameegemea jiwe. Baba yako alipoanza kulala hivyo hata kitandani, nilisema ni mazoea ya kazi. Nikamwongezea mto, basi.

Jumanne nilimburuta kwa Daktari Inas. Akampaka mafuta ya baridi mgongoni, akapitisha kile kipimo cha wajawazito.

Baba yako akaguna, "Binti, na ndevu zote hizi unatafuta mtoto?"

"Nikimpata nitakuambia, mzee. Usicheke, picha inatikisika."

Kisha daktari mwenyewe akaacha utani. Akanionyesha weusi mpana kwenye kioo, chini ya pafu. "Haya ni maji, mama. Akilala chali yanambana pumzi. Mlikuwa wapi siku zote?"

Nikamfuta baba yako mafuta mgongoni kwa mtandio wangu.

Wameyatoa kwa sindano. Leo mchana amelala chali, anakoroma mpaka njiwa wanaruka.

Daktari anasema vumbi la mawe huharibu kifua polepole, kila aliyeyakata apimwe. Wewe ulikata naye mpaka ulipokwenda Kuwait. Ile picha aliyotutumia mwenzako wa chumbani, umelala umekaa, mdomo wazi, tuliicheka nyumba nzima. Leo nimeitazama tena.

Habari za kazi ziache. Niambie unalalaje.

Mama yako,
Nagat