Unga wa Betri Kwenye Kiti cha Shaba

Jumatatu, 4 Julai 1988. Chemchem, Tabora.
Nimepaka mbao tatu za darasani. Unga wa betri kuukuu, kisamvu kilichotwangwa, basi. Watu hawasemi, ila elimu ya mkoa huu imesimama juu ya mikono yangu. Nikiugua wiki moja tu, walimu wataandika hewani. Waziri mzima alishaniita Profesa, nikiwa juu ya ngazi.

Zuhura, mtoto wa dada yangu, karudi na makopo yake. Kasomea Ulaya vigae vinavyopitisha umeme bila kizuizi. Sipendi alivyorudi. Anataka kuonyesha kwenye maonyesho ya Sabasaba: kigae kikipozwa sana, sumaku inaelea juu yake. Ikielea, bwana elimu atampa stoo ya shule iwe maabara. Isipoelea, anaenda Dar kukaa ofisini.

Nikamwambia kubadilisha vitu ndiyo kazi yangu. Sabuni haipo, majivu. Sukari haipo, asali. Akacheka! "Mjomba, humu madini ya itriamu unaweza kuyatoa ukaweka ndugu zake, kigae hakijali. Lakini shaba usiiguse. Kiti chake akikaa mgeni, hata kidogo, kazi imekwisha."
Mbele ya baba yake. Kanifundisha mimi.

Jumanne, 5 Julai.
Upepo umemwaga unga wake wa shaba iliyounguzwa. Mlango ulikuwa wazi, si kosa langu. Nimejazia unga wangu wa betri. Mweusi kwa mweusi. Nani atajua?
Mchana kapima, kasaga, kapeleka kwenye tanuri la sonara mjini. Haya. Tuone huo usomi.

Jumatano, 6 Julai.
Kigae bado tanurini. Sonara analalamikia umeme wake. Zuhura anaimba jikoni. Ananiudhi.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba.
Bwana mifugo kaleta mtungi anaohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Ndani mna hewa iliyogeuzwa maji, baridi kupita barafu, inafuka moshi. Wafugaji wa Nzega wakasogea, wakidhani ng'ombe anapandishwa.
Zuhura kaimimina juu ya kigae. Kaweka sumaku. Ikakaa kama kokoto. Kamimina tena. Ikakaa.
"Dada, iamshe basi!" Kicheko uwanja mzima. Bwana elimu akatazama saa, akaondoka.
Nilicheka kuliko wote. Ndicho nilichotaka. Nilidhani ndicho.

Ijumaa, 8 Julai.
Anafunga mizigo. Anarudia hesabu zake, anajilaumu mwenyewe. Kanipa shikamoo asubuhi. Nikajitia kukoroga rangi, nisimtazame.

Jumapili, 10 Julai.
Nimemwambia habari ya betri. Nilingoja matusi. Akakaa chini.
"Betri ina zinki, mjomba! Kwenye kiti cha shaba zinki inaua kuliko wageni wote."
 Kisha akafungua mizigo. Sonara anayo shaba safi ya kuchanganyia dhahabu, Zuhura ataiunguza iwe unga. Atachoma kigae kingine, amwombe bwana elimu aje aone viwili: kilicho hai, na changu kilichokufa. Hajui kama atakubali. Hakusema kanisamehe. Kaniagiza nikae mbali na makopo.

Nilimwambia ni upepo.
Hapakuwa na upepo. Kopo lile linafanana na la ugoro. Nikadhani kaleta ugoro mzuri wa Ulaya, ananificha. Nikavuta. Chafya ikaja, robo ya kopo ikaruka sakafuni.
Leso yangu bado ina weusi. Nimeifua mwenyewe, dada asiione.