Nani Kakuruhusu Kutoa Mirunda?

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Magomeni hatujambo, bibi yako anakusalimu, ila barua yako imenipandisha hasira. Wewe ndiye msimamizi wa ujenzi huko Dodoma, halafu unaniuliza kama umkubalie tajiri wako mirunda, ile miti inayoshikilia zege, itolewe wakati zege ni bichi?

Nikiwa kijana nilisimamia ghorofa Kariakoo. Tajiri alishapangisha fremu za maduka za chini kabla zege la juu halijakauka, na wapangaji wakaanza kuleta marobota ya vitenge. Kila asubuhi alinifokea: "Toa hiyo mirunda, Idi imefika!" Fundi Matayo akanishika mkono: "Bado, bosi. Zege lipewe wiki moja zaidi." Nikamwona mwoga. Nikaamuru itolewe.

Zege lilishuka Ijumaa mchana, mafundi wengine wakiwa msikitini. Matayo alikuwa amebaki chini peke yake, na hakutembea tena. Mengine siyaandiki.

Tajiri alikuja mbio, akanikazia macho mbele ya umati: "Nani kakuruhusu kutoa mirunda?"

Usinijibu mimi, Rehema. Kamjibu tajiri wako, leo, mafundi wakisikia: haitolewi.

Babu yako