Kile Kipindi Chetu cha Jumapili

Ngoingwa, Thika
12 Juni 1995

Kwa Baba Nyokabi,

Habari za Ruiru? Huku tuko wazima. Nyokabi ameng'oka jino la mbele, na yule kuku wa madoa ameanza kutaga.

Umeandika kwamba kipindi chetu cha Jumapili kimeharibika, eti tangu wabadilishe yule mwigizaji wa daktari hakuna cha kutazama. Mimi naona bado ni kizuri. Ila nilijiuliza unakitazama wapi, maana chumba chako hakina stima.

Kwa hivyo jana nilikuja. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Muigai? Jumapili huwa kwa Rachael, yule fundi wa nguo wa hapo nyuma. Wanatazama TV."

Nilifika hadi mlangoni. Nikakusikia ukimwambia, kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu Nyokabi azaliwe, "Zamani kilikuwa kizuri, lakini nilikuwa nakitazama peke yangu."

Miaka minne nimekaa kando yako tukikitazama, Baba Nyokabi.

Sikubisha hodi. Nilirudi Thika. Lakini Jumapili ijayo nitakuja na Nyokabi, na tutabisha. Mwambie Rachael aongeze vikombe viwili vya chai.

Mkeo,
Mama Nyokabi