Maji ya Moto Juu ya Mshono

Dada Asha,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na mvua za Mikumi hazijakuharibia mahindi. Mimi nipo hapa Muscat, mzima wa kuandika tu. Nasikia unalalamika kwamba sipokei simu zako. Sipokei kwa makusudi, na leo nakuandikia sababu.

Unajua mwaka jana hospitali walinipasua wakanipunguza tumbo la ndani kwa ajili ya unene, nikakonda mpaka ngozi ikaning'inia kama mfuko mtupu. Mwezi uliopita wakanikata tena kuondoa ile ngozi na mafuta yake. Daktari alinikataza maji ya moto na kujibana tumbo. Nilikwambia hayo wazi. Ukanijibu, "Daktari kasoma, lakini mimi nimekanda wazazi waliojifungua Mikumi nzima. Kisu ni kisu. Fuata ninavyokuelekeza."

Nami mjinga nikakutii. Mwajuma, ninayeishi naye chumba kimoja, alichovya taulo akanikanda juu ya mshono, wewe kwenye simu ukihimiza maji yachemke zaidi. Sikusikia moto hata kidogo. Ukafurahi, ukasema mwili umepokea. Kumbe ngozi ilikuwa bado na ganzi, ikawa inaungua nami sina habari. Kisha ukaagiza nifungwe kanga kwa nguvu, nikakaa nayo siku nne.

Siku ya tano mshono ulikuwa mweusi, unatoa maji ya mafuta yenye harufu ya samli iliyochacha. Daktari alisema mafuta ya chini ya ngozi yamekosa damu, yamekufa. Wameyakata, wakaacha shimo linaloingia ngumi yangu. Muuguzi akilisafisha kila asubuhi nalitaja jina lako, dada, wala si kwa dua. Kazini wamenipa mwezi mmoja, nisipopona nirudishwe.

Najua utasema ulinitakia heri. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na mimi nimeerevuka.

Msalimie mama kule Mvumi, umwambie naendelea vizuri, maana yeye hana kosa. Msalimie shemeji, na shangazi akishuka kutoka Vidunda. Mkweo Rehema usimpe salamu zangu, nimeshampigia mwenyewe. Kaambiwa atajifungua kwa kisu, nami nimemtumia picha ya tumbo langu. Akitoka hospitali atalelewa kwa mama yake. Mjukuu wako wa kwanza utaletewa umwone, lakini mama yake hutamgusa.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zaina