Shafti Iliyokula Koti Langu

Ndugu yangu, niko hai. Koti langu la kijivu ndilo halipo tena.

Shemeji yako, mume wa dada yako, aliniita nimtengenezee trekta lake. Shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi, ilikuwa imegoma. Nikamwambia, "Zima injini kwanza, nitazame klachi." Akajibu, "Mzee, ya nini kuzima? Si haizunguki!"

Haizunguki! Nimeinama, bado namgombeza, klachi ikashika yenyewe. Shafti ikanivuta mkono wa koti, koti likachanika mgongoni, nikaanguka chini nikiwa na shati tu. Koti likabaki linazunguka pale, pata pata pata.

Unajua alisema nini? "Imepona! Mzee una mkono wa dawa!" Nakuapia. Na mkono wenyewe naupapasa kuona kama upo.

Kifuniko cha shafti alishakitupa. Na anayesimama pale kulisha mahindi ni dada yako, na magauni yake marefu. Nikamwambia anunue kifuniko kwanza. Akacheka: "Kesho tunapukuchua."

Hapukuchui mtu. Alipozima, nilichomoa pini inayofunga shafti, ninayo mfukoni. Akikuuliza, hujui nilikokwenda.

Ila dada yako mpigie simu sasa hivi, asiisogelee shafti ile bila kifuniko.