Sindano za Mwingi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Arobaini yangu imeisha, nimerudi dirishani kuwakatia abiria tiketi. Hapa steji ya mabasi wamenisalimia kwa upole mno, kama mtu aliyetoka jela. Hakuna aliyemtaja mtoto. Wa pili huyu kufa – mimba ya miezi saba, akatoka kimya. Mume wangu Kerrow anaendesha basi letu la Nairobi. Leo alininyanyulia mkono tu kutoka kwenye usukani.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe, Ardo, hakisomi. Wala binti zake.

Jumatano, 3 Septemba

Kliniki. Majibu ya damu: kaswende. Nesi anasema huenda ndiyo iliyowaua watoto. Sindano tatu, moja kila wiki, na nimlete mume atibiwe, la sivyo nitaambukizwa tena.

Sijamjua mwanamume mwingine, wallahi. Nimelia kwenye bajaji njia nzima, nikamwambia dereva ni jino.

Lakini nimefurahi pia, aibu kusema. Kuna dawa!

Ijumaa, 5 Septemba

Leo watu wa kliniki wameleta hema la kupima madereva na makondakta, bure. Wamelisimamisha mbele ya abiria wote, kando ya mama muuza chai. Nani ataingia? Aden kondakta anasema akiingia, habari itafika kwao Hulugho kabla hajatoka. Wanaume hawa hununua kapsuli kwenye duka la dawa na kugawana. Kliniki nayo hufunguliwa wakiwa barabarani, hufungwa kabla hawajarudi. Ratiba yao naiandika mimi, najua.

Nilimwashiria Kerrow kwa macho. Akapanda akawasha injini, na mizigo ilikuwa bado inapakiwa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemwambia Kerrow. Ardo alikuwa msibani, tulikuwa wawili tu. Nilianza kwa kuapa kwamba mimi ni safi. Akanikatiza – anajua. Yeye alishachomwa sindano Mwingi, ambako hakuna anayemfahamu. Kabla ya Ramadhani.

Kabla ya Ramadhani mimba ilikuwa changa.

Nikamuuliza kama walimwambia anipeleke na mimi. Akasema walimwambia, lakini alishindwa kunitamkia.

Mwanangu angezaliwa mwezi huu. Alikuwa na nywele nyingi, nilimwona kabla hawajamfunika. Moyo wangu umevunjika na sijui nimpelekee nani.

Jumatano, 10 Septemba

Sindano ya pili. Nakaa upande mmoja. Nesi anasema Kerrow lazima achomwe upya, maana alirudi kwangu nikiwa bado mgonjwa. Nimempa ujumbe. Akaenda kuosha basi.

Wakati wa chakula Ardo akasema wamempatia Kerrow msichana wa kuoa huko Griftu, Sabrin, amemaliza kidato cha nne. Kwamba mimi ni mke mwema ila tumbo langu halishiki watoto. Alisema kwa huruma, akaniwekea nyama kwenye sahani.

Nilimtazama Kerrow. Nikangoja aseme. Alikula mpaka akamaliza, akanawa mikono.

Bado nampenda. Huo ndio ujinga wangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Simu ya ofisi imelia. Mwanamke, Kiswahili cha kutafuta maneno, chenye lafudhi ya Kisomali. "Walaal, dada, habo ni ofisi ya basi? Mimi Ugbad, mama ya Sabrin, niko Griftu. Namba nimebata kwa tiketi." Anamuulizia "derefa moja, jina yake Kerrow". Wanaume wa familia wameshakubali, yeye moyo wake haujatulia. Hajui anaongea na nani.

Akauliza kama anaswali. Anaswali. Kama anapiga mke. Hajawahi. Kama anatafuna miraa. Safarini tu, nikasema. Nikajikuta namsifu!

Kisha: "Na afya yake? Watoto ya ule bibi yake nakufa kwa nini? Niambie kama dada. Huyu ni mtoto yangu."

Nikisema, atauliza nimejuaje. Habari itafika kwa Ardo, na Ardo atasema ugonjwa niliuleta mimi. Kerrow atanyamaza, nimeshaona anavyonyamaza. Nisiposema, Sabrin atabeba mimba.

Nimemwambia asubiri kidogo, kuna abiria. Hakuna abiria. Simu iko mezani hapa ninapoandika, haijakatwa. Nasikia mbuzi. Namsikia Ugbad akimwambia mtu kwa Kisomali anyamaze, dada wa ofisini anarudi sasa hivi